Karoti za Mawe: Namna ya Kujua Yaliyo Chini ya Udongo

Watu wengi wanafikiri kwamba petroli inakaa chini ya nchi kama ziwa: pango kubwa lenye giza, limejaa mafuta, na kazi ya fundi ni kutoboa tundu tu na kuyavuta. Hata watu waliosoma wanasema hivyo, na picha za vitabu vingine vya shule zinawapoteza zaidi, maana zinaonyesha doa jeusi lililochorwa chini ya mnara wa chuma. Si kweli. Chini kule hakuna ziwa. Kuna mwamba, na petroli imo ndani ya mwamba wenyewe, katika vitundu vidogo sana, kama maji yalivyo ndani ya ukuta wa mtungi unaotoa jasho.

Kwa nini tuandike habari hiyo katika gazeti la waseminari? Ni kwa sababu ya maswali ambayo padri na katekista hawawezi kuyakimbia. Mwezi wa Julai 2022 serikali ya Congo ilifungua mnada wa vipande 30 vya nchi, 27 vya kutafuta petroli na 3 vya gazi. Mwezi wa Oktoba 2024 mnada wa vile 27 vya petroli ukafutwa. Mwaka 2025 vikatangazwa vipande vingine 52 katika bonde la katikati. Basi habari ya petroli inafika kijijini kabla ya petroli yenyewe, tena inafika kabla ya barabara. Wakristu wanauliza: Je, ni kweli tuna utajiri chini ya mashamba yetu? Tuuze, tungoje? Na udongo ambao jana hakuna aliyeutaka, leo unagombanisha ndugu wa baba mmoja. Tena liko swali la pili, jipya zaidi: tunasikia kwamba huko Ulaya wanarudisha gazi la viwanda chini ya nchi, katika miamba ya namna ile ile, je, halitatoka usiku na kuua watu?

Hatuwezi kujibu kwa ndiyo au hapana. Lakini twaweza kueleza jinsi mafundi wenyewe wanavyopata kujua, na mahali ambapo kujua kwao kunakoma. Hilo la pili ndilo linalosahauliwa.

Askofu aliyesoma mawe

Kwanza tumkumbuke mtu mmoja ambaye mseminari asingefaa kutomjua. Niels Stensen, kwa Kilatini Steno, alizaliwa Copenhagen, katika Denmark, mwaka 1638, katika dini ya Kiluteri. Alikuwa mganga hodari wa kupasua miili. Mfereji unaoleta mate kinywani kutoka shavuni unaitwa kwa jina lake hata leo. Mwaka 1667 akaingia katika Kanisa Katoliki huko Florence, na mwaka 1669 akatoa kitabu kidogo juu ya vitu vigumu vinavyopatikana vimefungwa ndani ya vitu vigumu vingine. Alikuwa ameona meno ya papa (yule samaki, si Baba Mtakatifu) ndani ya mawe ya mlimani, akajiuliza yameingiaje.

Jibu lake lilikuwa hili: mawe yale yalikuwa kwanza matope na mchanga ndani ya maji. Yalitua tabaka kwa tabaka, na tabaka la chini lilikwisha kutua kabla la juu halijaanza. Basi mwenye kuona nguzo ya mawe anaweza kuisoma toka chini kwenda juu, kama mtu anavyosoma siku za mwaka. Leo mtoto wa shule ya sekondari anaona hayo kuwa wazi. Kabla ya Steno hayakuwa wazi. Yeye akawa padri mwaka 1675, askofu mwaka 1677, akafa maskini kabisa huko Schwerin mwaka 1686. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1988.

Kutoa karoti

Mfanyabiashara wa kahawa au wa maharagi hamwagi kila gunia chini. Anachukua chuma chembamba chenye mfereji, anadunga gunia, anavuta, na punje zile chache zinamwonyesha kama ndani mna mchanga au uozo. Wanaotafuta petroli wanafanya vivyo hivyo.

Kisima cha kawaida kinatobolewa kwa chuma chenye meno kinachosagasaga mwamba. Vipande vidogo vinapandishwa juu na matope yanayozungushwa kisimani, na mtaalamu anavitazama kwa darubini. Vinamwambia ni mwamba wa namna gani, lakini vimekwisha kupondwa. Ni kama kutaka kujua mkate kwa kutazama makombo. Akitaka jiwe zima, chuma kile kinatolewa, kinashushwa kingine chenye umbo la pete, kitupu katikati, kilichopandikizwa almasi. Ni almasi za kazi, mfano wa zile nyingi za Mbuji-Mayi zisizofaa kuvaliwa kidoleni. Pete inakata pande zote, katikati inabaki nguzo ya jiwe, na nguzo inaingia polepole ndani ya bomba lisilozunguka. Upana wake ni kama sentimetri 10; urefu mara nyingi ni metri 9, au 18, au 27. Mafundi wa Kifaransa wanaiita karoti, kama ile ya shambani, na wachimbaji wa Katanga wanatumia neno hilo hilo. Nasi tutalitumia.

Karoti ikipanda juu inahitaji adabu. Kule chini ilibanwa na uzito mkubwa; ikivutwa haraka, gazi lililo ndani yake linapanuka na kuipasua. Basi metri za mwisho wanakwenda taratibu. Ikifika, inafutwa, na mara moja inachorwa mistari miwili kwa urefu wake wote, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Kanuni ni hii: ukisimamisha jiwe kama lilivyokuwa kisimani, mstari mwekundu uwe mkono wa kuume. Hivyo hata jiwe likianguka na kuvunjika vipande ishirini, kila kipande kinajulikana juu yake ni wapi na chini yake ni wapi. Mtu asiyechora mistari ile ameharibu kitabu: kurasa zote zipo, lakini hakuna anayejua ipi ni ya kwanza. Halafu inakatwa metri moja moja, ncha zinafungwa, kina kinaandikwa, inatiwa sandukuni. Mchanga mlegevu usioshikamana unagandishwa kwanza kwa baridi kali, la sivyo utamwagika.

Kazi hiyo ni ya gharama kubwa, kwa sababu mnara mzima na watu wake wote wanalipwa huku kisima kikienda polepole. Ndiyo maana katika kisima cha metri 3000 pengine hukatwa karoti ya metri 30 tu, na mara nyingi hakuna kabisa.

Laboratwari inauliza nini

Katika laboratwari karoti inapasuliwa kwa urefu, sehemu mbili zisizo sawa. Ile nyembamba inawekwa akiba. Haiguswi tena, ili mwingine akija baada ya miaka mingi aweze kuhakikisha. Nyingine inapigwa picha, mara moja katika mwanga wa kawaida, mara ya pili katika mwanga ule usioonekana unaoitwa ultravioleti. Hapo mahali penye petroli pang'aa rangi ya manjano au ya dhahabu. Ni jambo la kupendeza kuliona, lakini mng'ao hauonyeshi kiasi. Mafuta kidogo sana yang'aa vizuri sana, na wauzaji wa matumaini wanapenda kuonyesha picha zile.

Kisha katika jiwe vinatobolewa vipande vidogo vya mviringo, kama vizibo vya chupa, kimoja kila sentimetri 25 au 30. Kila kizibo kinaulizwa maswali.

Swali la kwanza: ndani yako mna nini? Kizibo kinatundikwa juu ya dawa iitwayo tolueni inayochemka. Mvuke wake unapanda, unaingia katika jiwe, unalegeza mafuta na kutoa maji. Mvuke wa maji unapita katika bomba lililopozwa, unageuka kuwa maji tena, na yanahesabiwa tone kwa tone katika kioo chenye alama. Wenye kujua jinsi lutuku inavyopikwa nyuma ya nyumba wamekwisha kuelewa. Ufundi ni ule ule, ila hapa hakuna anayekunywa. Kilichopungua katika uzito wa jiwe, ukitoa uzito wa maji, ni mafuta.

Swali la pili: una nafasi kiasi gani? Mafundi wanaiita porozite. Tuchukue mfano wa hesabu, maana si ngumu. Kizibo kina upana wa sentimetri 3.8 na urefu wa sentimetri 5. Ujazo wake ni sentimetri kube 56.7. Kimeoshwa, kimekaushwa, kimepimwa: gramu 112.7. Punje za mchanga safi wa kwarsi zina gramu 2.65 kwa kila sentimetri kube moja. Basi punje zenyewe zinachukua sentimetri kube 42.5 tu. Zinazobaki, 14.2, ni nafasi tupu: robo nzima ya jiwe. Ukilishika mkononi ni jiwe gumu, ukilipiga linalia. Hata hivyo robo yake ni hewa. Katika laboratwari hawatumii mizani peke yake. Wanaingiza gazi la heliumu, ambalo linapenya kila mahali, na kwa kanuni ya Boyle ya mwaka 1662 juu ya hewa inayobanwa wanapata ujazo wa punje bila kukisia.

Swali la tatu ndilo linaloamua yote: je, nafasi zako zina milango? Wakaaji wa Goma wanajua vizuri jiwe la volkano, lile wanalojengea kuta. Limejaa matundu kama mkate. Lakini mara nyingi kila tundu limefungwa peke yake, kama nyumba ya vyumba vingi visivyo na mlango. Jiwe la namna hiyo lingeweza kujaa mafuta na lisitoe hata kikombe kimoja. Uwezo wa jiwe kupitisha kitu unaitwa permeabilite, na kipimo chake ni darsi, kwa jina la Henry Darcy, fundi wa maji wa mji wa Dijon katika Ufaransa. Huyo hakutafuta petroli hata kidogo. Alitaka maji safi kwa visima vya mji wake. Alijaza mchanga katika nguzo ya chuma, akapitisha maji, akapima, na mwaka 1856 akatangaza kanuni yake: maji yanayopita yanaongezeka kadiri ya msukumo na kadiri ya upana wa mchanga, yanapungua kadiri ya urefu wake. Jiwe la darsi moja, lenye upande wa sentimetri ya mraba moja na urefu wa sentimetri moja, linapitisha sentimetri kube moja ya maji kwa sekunde moja, likisukumwa kwa uzito wa hewa mmoja. Mawe mengi ya petroli yako chini ya hapo, basi watu wanahesabu kwa milidarsi, sehemu ya elfu ya darsi. Mchanga mzuri una mamia. Udongo wa mfinyanzi uliogeuka jiwe hauna hata sehemu ya elfu ya milidarsi moja.

Yako maswali mengine ambayo tunayapita upesi, kama vile punje zinapenda kushikwa na maji au na mafuta. Lakini tusipite hili: hata jiwe lililo bora halitoi mafuta yake yote. Wakisukuma maji katika kizibo chenye petroli, sehemu kubwa inabaki imekwama katika pembe za vitundu, matone kwa matone. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba chini kuna mapipa kadhaa, ni lazima aulizwe kama ni yale yaliyoko au ni yale yatakayotoka. Mara nyingi yatakayotoka ni chini ya nusu.

Tena petroli ni nyepesi kuliko maji ya chini, inataka kupanda. Kama juu ya mchanga hakuna kifuniko, ilikwisha kupotea zamani kabla binadamu hajakuwapo. Kwa hiyo karoti ya kifuniko, yaani ya ule udongo mgumu wa juu, ina thamani sawa na karoti ya mchanga. Wanaitia zebaki kwa nguvu. Zebaki haipendi kuingia katika jiwe. Inahitaji kusukumwa, na kadiri vitundu vilivyo vyembamba ndivyo msukumo unavyopaswa kuwa mkubwa. Hivyo wanajua kifuniko kinaweza kuzuia kiasi gani kabla hakijashindwa.

Karoti zetu za Congo

Hayo si mambo ya nchi za mbali tu. Kati ya mwaka 1952 na 1956 chama kilichoitwa REMINA kilichunguza bonde la katikati la Congo. Kilitoboa visima viwili vya kusoma tabaka: Samba mwaka 1955 na Dekese, katika Kasai, mwaka 1956, kila kimoja kikishuka karibu metri 2000 au kupita kidogo. Karoti zake zilipelekwa Tervuren, Ubelgiji, katika Museo ya Afrika ya Kati, na zaidi ya miaka 50 baadaye wataalamu walirudi kuzifungua na kuzisoma upya. Ndiyo faida ya sanduku lililoandikwa vizuri.

Katika karoti ya Dekese kuna jambo ambalo msomaji wa mara ya kwanza atalitilia shaka. Chini kule kuna mamia ya metri ya mawe yaliyoletwa na barafu. Udongo mweusi umepangwa kurasa kurasa, nyembamba sana, kama matope yatuavyo katika ziwa lililotulia. Na katikati ya kurasa hizo kuna kokoto moja moja, ambazo zisingeweza kufika pale kwa maji matulivu. Zilibebwa na vipande vya barafu vilivyoelea. Barafu ikayeyuka, kokoto ikaanguka. Miaka kama milioni 300 iliyopita nchi yetu ilikuwa karibu zaidi na ncha ya kusini ya dunia, imeungana na nchi nyingine za kusini. Tabaka hilo wataalamu wanaliita Lukuga, kwa jina la mto unaotoka katika Ziwa Tanganyika karibu na Kalemie, ambako mawe ya namna hiyo yanaonekana juu ya nchi pamoja na makaa. Nani angelisadiki jambo hilo chini ya msitu wa Kasai, bila kuona jiwe?

Je, na petroli? Mwaka 1981 makampuni yalitoboa visima vingine viwili, Mbandaka na Gilson, vyote viwili vikipita metri 4000. Hakuna hata kimoja kati ya vinne kilichotoa petroli ya kuuza. Na vinne hivyo ndivyo visima virefu vya bonde lote, ambalo ukubwa wake unapita kilometri za mraba milioni moja. Basi mwenye kusema kwamba bonde la katikati limejaa petroli, anasema tumaini lake. Mwenye kusema kwamba hakuna kitu, naye anasema zaidi ya anayoyajua. Picha zinazopigwa kwa sauti, yaani kwa kutikisa nchi na kusikiliza mwangwi, zinaonyesha umbo la tabaka. Hazionyeshi kilichomo ndani ya vitundu. Huko Moanda, pwani, habari ni nyingine: petroli inatoka baharini tangu mwaka 1975. Hata ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda iliipata mwaka 2006 kwa kutoboa na kupima. Lakini utajiri wa Moanda haushuhudii kitu juu ya Dekese, kama vile ndizi za shamba moja zisivyoshuhudia shamba jingine lililo mbali nalo kilometri elfu.

Gazi linalorudishwa chini

Sasa swali la pili. Wakristu wa Goma na Sake hawahitaji kufundishwa ubaya wa gazi karboniki. Wana neno lao, mazuku, kwa mahali pa bondeni ambapo gazi hilo linatoka ardhini na kukaa chini kwa sababu ni zito kuliko hewa. Mbuzi anaingia hatoki, na mtoto vilevile. Wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wamelichukua neno hilo hilo katika vitabu vyao. Na tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos katika Kamerun lilitapika gazi karboniki usiku, watu zaidi ya 1700 wakafa. Basi anayeuliza kama gazi lililofungwa chini linaweza kuua, tusimcheke.

Tofauti ni hii. Katika Nyos gazi lilikuwa limeyeyuka katika maji ya ziwa lililo wazi, bila kifuniko chochote. Maji yalipovurugika, likatoka kama limonadi inayofunguliwa. Wanaolificha gazi katika mwamba wanatafuta mahali penye kina cha kupita metri 800. Huko uzito wa maji na joto vinaligeuza: si hewa tena, ni kitu kizito karibu kama mafuta. Tani moja ambayo juu ingejaza metri kube 500 na zaidi, kule chini inaweza kukaa katika metri kube moja na nusu hivi. Inaingia katika vitundu vya mchanga, mahali pa maji ya chumvi, na kifuniko kinaizuia. Baadaye sehemu yake inakwama matone kwa matone, kama tulivyoona kwa petroli (hasara ya mchimba petroli ni faida ya mficha gazi), na sehemu nyingine inayeyuka katika maji. Maji hayo yanakuwa makali kidogo, yanaweza kula chokaa inayoshikamanisha punje. Kwa hiyo karoti zinapitishiwa gazi siku nyingi, kwa joto na msukumo wa kule chini, ili kuona kama jiwe litadhoofika.

Kazi ya kwanza kubwa ya namna hiyo ni ya Norway, mahali paitwapo Sleipner, chini ya bahari. Tangu mwaka 1996 wanatenga gazi karboniki lililochanganyika na gazi la kupikia na kulirudisha katika mchanga uitwao Utsira. Katika miaka ya kwanza ilikuwa karibu tani milioni moja kila mwaka. Hawakuanza kwa upendo wa viumbe peke yake: mwaka 1991 serikali yao ilikuwa imeweka kodi juu ya gazi linaloachwa hewani. Karoti ya Utsira ilionyesha mchanga mzuri ajabu, zaidi ya theluthi moja ni nafasi, permeabilite ya darsi nzima nzima. Lakini ndani ya mchanga kulikuwa na tabaka nyembamba za udongo, za metri moja hivi. Walidhani zitachelewesha gazi. Mwaka 1999, walipopima kwa sauti, wakaona limekwisha kupita zote na kujipanga katika tabaka tisa, la juu kabisa likiwa chini ya kifuniko kikuu. Kifuniko kikuu kimelizuia. Lakini tabaka nyembamba zilikuwa na njia ambazo karoti ya sentimetri 10 haikuweza kuzionyesha.

Snøhvit, kaskazini zaidi ya Norway hiyo hiyo, mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 2008 walianza kuingiza gazi katika mwamba wa Tubåen. Mchanga ulikuwapo, lakini ulikuwa mchanga wa mito ya kale, vipande vipande, kila kipande kimezungukwa na udongo. Msukumo ukapanda haraka kuliko walivyotazamia. Mwaka 2011 wakaacha mahali pale, wakahamia mwamba mwingine, Stø. Hakuna aliyekufa, hakuna gazi lililotoka, kwa sababu walikuwa wakipima kila siku na walikubali walichokipima. Twaona hilo kuwa jambo la kusifiwa kuliko mitambo yote.

Huko Iceland wamefanya kwa namna nyingine. Karibu na Hellisheiði, kuanzia mwaka 2012, waliyeyusha gazi katika maji wakayaingiza katika mwamba wa volkano, bazalti. Mwamba huo una chokaa na chuma ndani yake, na gazi likiungana navyo linakuwa jiwe. Mwaka 2016 walitangaza kwamba sehemu zaidi ya 95 katika 100 ya gazi la jaribio lile lilikuwa limegeuka jiwe kwa muda usiofika miaka miwili. Karoti zilizotolewa pale ni nyeusi, na matundu yake yamejaa jiwe jeupe. Hata hivyo kiasi cha jaribio kilikuwa kidogo, tena maji yaliyotumika yalikuwa mengi sana. Na si kila jiwe jeusi la volkano ni bazalti ya namna ile. Tusikimbilie kuahidi mambo kwa ajili ya Kivu.

Papa Fransisko, katika wosia wa kitume Laudate Deum wa mwaka 2023, alikubali kwamba ufundi wa kunasa gazi unatia matumaini, lakini akaonya watu wasifikiri kwamba kuziba nyufa kunatosha huku ubaya ukiendelea chini yake. Jumla ya gazi ambalo dunia inaliachia hewani inahesabiwa kwa tani elfu za milioni kila mwaka. Sleipner ilirudisha karibu milioni moja. Kila mtu anaweza kufanya hesabu hiyo.

Padri au katekista akiitwa katika mkutano ambapo watu wa kampuni wanaeleza habari za petroli au za gazi, hana haja ya kujifanya mtaalamu. Aulize maswali machache kwa heshima. Kisima kilicho karibu nasi kiko kilometri ngapi toka hapa, na kilitobolewa mwaka gani? Walikata karoti metri ngapi, za mchanga tu au za kifuniko pia? Ile sehemu ya akiba imewekwa wapi, na mwalimu wa chuo kikuu cha nchi hii anaweza kuiona? Mapipa mnayoyataja, ni yaliyoko au ni yatakayotoka? Na kama ni gazi: nani atapima msukumo baada ya kampuni kuondoka, kwa fedha ya nani, kwa miaka mingapi? Akijibiwa kwamba karoti bado hazipo, ila picha za sauti tu, basi awaeleze wakristu wake jambo hilo kama lilivyo, kabla hawajatia alama ya kidole chini ya karatasi yoyote.